Andika Nadharia Yako Kabla ya Kuchukua Hatua: Mwongozo kwa Afisa Ustawi wa Jamii

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii huondoka chuoni akiwa na nadharia nyingi kichwani: ya mifumo, ya mfungamano wa mtoto na mlezi, ya kujifunza, ya uwezeshaji, ya kukabili majanga, na nyingine kadhaa alizozikariri kwa ajili ya mtihani. Akishapangiwa kituo, iwe ofisi ya halmashauri, hospitali, makao ya watoto au mahakama ya watoto, ndani ya miezi michache karibu zote hubaki kwenye madaftari. Kinachomwongoza sasa ni mazoea ya ofisi, maagizo ya mkuu wake na wingi wa watu wanaosubiri kwenye benchi la nje. Nadharia hurudi siku ya kuandika ripoti tu, ili ripoti ionekane ya kisomi. Mwongozo huu ni wako wewe uliye katika hali hiyo, nao una jambo moja la kukushawishi. Nadharia haikusaidii kwa kuwa inaeleza hali ya mteja, kwa maana nadharia yoyote, ukiipa nafasi, itaeleza hali yoyote. Inakusaidia pale inapokulazimisha kusema mapema ni kitu gani kitaonekana kama uko sahihi, na ni kitu gani kikionekana utakubali kuwa umekosea. Kwa hiyo mahali pake ni ukurasa wa kwanza wa jalada, kabla ya hatua yoyote, pamoja na tarehe ya kuipima.

Chukua shauri la kawaida. Mvulana wa miaka 11 anaishi na bibi yake mzaa mama. Mama alikwenda mjini kutafuta kazi miezi minane iliyopita, na siku hizi simu zake ni za nadra. Mtoto ameacha kwenda shule kwa wiki sita. Mwalimu wa darasa ameandika barua kwa mtendaji wa kijiji, naye mtendaji ameileta kwako. Anayeegemea nadharia ya mfungamano atasema mtoto anaomboleza kuondokewa na mama, na utoro ni sauti ya huzuni hiyo. Anayeegemea nadharia ya kujifunza atasema utoro unalipa: akiosha pikipiki za bodaboda anapata hela kidogo, akienda shule anapata viboko. Wa nadharia ya mifumo ataona nyumba iliyopoteza nguzo moja, ambamo mtoto amejikuta akibeba kazi za mtu mzima. Wa mtazamo wa kimuundo atakumbusha kwamba ada ya elimu ya msingi Tanzania ilifutwa, lakini sare, madaftari na michango ya chakula bado vinamsubiri bibi asiye na kipato. Maelezo yote manne yanaingia akilini. Ugumu ni kwamba kila moja linadai hatua yake: ushauri nasaha, mazungumzo na mwalimu, kumtafuta mama, au kuhangaikia msaada wa kaya. Ukizitaja nadharia zote nne kwa mkupuo, kama wengi wanavyofanya kwa jina la kuchanganya mikabala, hujasema lolote, kwa sababu hakuna tukio lolote duniani linaloweza kukukosoa.

Mfano bora ninaoujua wa nadharia kutumiwa ipasavyo ulitokea hapa hapa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Kampala mwaka 1954 akitokea London, alikokuwa akifanya kazi na John Bowlby, mtu ambaye mwaka 1951 ripoti yake kwa Shirika la Afya Duniani ilikuwa imetikisa fikra kuhusu watoto waliotengwa na mama zao. Ainsworth mwenyewe alikuwa bado anashikilia wazo lililotawala wakati huo, kwamba mtoto humng'ang'ania mama kwa sababu mama ndiye anayemlisha. Alikusudia pia kuchunguza desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa ndugu wakati wa kumwachisha ziwa. Alipoingia vijijini alikuta desturi hiyo imekwisha kufifia, akabadili mpango. Kwa miezi takriban tisa alizitembelea kaya 26 za vijiji vya jirani na Kampala, akikaa saa mbili kila mara pamoja na mkalimani, akitazama tu yanayotokea. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama, akichunguza kona za chumba, akirudi kumgusa, kisha akiondoka tena. Aliona watoto wakimlaki mama aliyerudi kwa kupiga makofi. Wazo la chakula halikuweza kueleza hayo, naye akaliacha. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka mwaka 1967, na majaribio yaliyompa umaarufu huko Baltimore yalichipuka kutokana na aliyoyaona Uganda.

Tazama alichokifanya. Nadharia aliyokuja nayo ilimwelekeza pa kutazama, na alichokitazama kikamlazimisha kuitupa. Angekuwa amekwenda kuithibitisha tu, angerudi na picha za watoto wanaonyonya. Kuna la ziada kwako wewe unayefanya kazi katika jamii ambamo mtoto ana mama wakubwa, mama wadogo, shangazi na bibi: katika kaya zile, kuwepo kwa walezi wengine peke yake hakukuonekana kumnyima mtoto utulivu. Kwa hiyo afisa anayeandika kwamba mtoto analelewa na bibi, na kwa sababu hiyo ana tatizo la mfungamano, ameishika nadharia kwa mkia. Swali ambalo nadharia ya mfungamano inakutaka uulize ni dogo na linajibika: mtoto huyu akishikwa na homa usiku, anamwamsha nani, na akishaamshwa mtu huyo, mtoto anatulia? Kama mvulana wetu anamwamsha bibi, na bibi anajua bila kufikiri ni usiku gani na alimpa nini, basi maelezo ya huzuni ya kuachwa yamepungua uzito kabla hujaanza kikao kimoja cha ushauri.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiache watu wenye huruma na uzoefu wafanye kazi yao, bila haya mambo ya kupima. Jibu lilitolewa kwa uchungu huko Marekani. Mary Richmond alikuwa ameweka msingi wa kazi na mteja mmoja mmoja katika kitabu chake cha mwaka 1917, akifundisha ukusanyaji wa ushahidi kwa makini. Baadaye, chini ya kivuli cha Freud, kazi hiyo ikageuka kuwa mazungumzo marefu ya miezi na miaka ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza yanamfikisha mteja wapi. Mwaka 1973 Joel Fischer alipitia tafiti 11 zilizolinganisha waliopata huduma hiyo na wasioipata, akakuta kwamba hazikutoa ushahidi wa kuaminika kuwa huduma ilisaidia, na katika baadhi yake waliohudumiwa walionekana kurudi nyuma. Waliotoa huduma hawakuwa watu wabaya wala wavivu. Walikuwa wameelimika, walikuwa na huruma, na nadharia zao zilikuwa pana mno kiasi kwamba mteja akipata nafuu ilisemekana ni matunda ya kikao, na asipopata ilisemekana bado anapambana na nafsi yake. Nadharia ya namna hiyo haishindwi kamwe, na anayeumia ni mteja.

Dawa ilikuwa imekwisha kuonekana miaka michache kabla. William Reid na Ann Shyne, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969, walilinganisha familia za New York zilizopata huduma fupi ya vikao vinane na zile zilizohudumiwa kwa muda mrefu hadi mwaka mmoja na nusu. Waliotarajia huduma ndefu ishinde walishangaa: huduma fupi ilifanya vizuri angalau sawa na ile ndefu. Kutokana na hayo Reid akishirikiana na Laura Epstein walitoa mwaka 1972 modeli ya majukumu, ambayo mimi naiona ndiyo inayofaa zaidi kuanza nayo kwa afisa wa kata au wilaya. Misingi yake ni michache. Tatizo ni lile analolitaja mteja kwa kinywa chake. Mnakubaliana muda, kwa kawaida vikao 8 hadi 12, na mteja anajua tangu siku ya kwanza kwamba kuna mwisho. Kila kikao kinaisha kwa majukumu yaliyotajwa, ya mteja na ya afisa pia, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kuuliza yametekelezwa au hayakutekelezwa. Modeli hii haidai kujua kwa nini binadamu yuko alivyo. Inadai tu kwamba ukikosea utajua ndani ya wiki mbili, na sifa hiyo naithamini kuliko kina cha falsafa.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya nadharia yoyote, jiulize kama kuna hatari. Mtoto anayepigwa, anayenyanyaswa kingono au asiye na pa kulala leo hahitaji uchambuzi. Anahitaji usalama, hospitali, dawati la jinsia na watoto la polisi, na amri za kisheria zilizo mikononi mwako chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Tanzania, au Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 kwa Kenya. Hatari ikishaondolewa au kuthibitika haipo, ndipo uanze kuchora. Chukua karatasi tupu, chora duara katikati, andika humo bibi na mjukuu. Kuzunguka duara hilo weka mama aliye mjini, mjomba, shule, zahanati, msikiti au kanisa, kikundi cha kuweka na kukopa, vijana wa kijiwe cha bodaboda, serikali ya kijiji. Unganisha kila kimoja na kaya: mstari mnene kwa uhusiano wenye nguvu, mstari wa vipande kwa uliolegea, mstari wenye vikato kwa wenye ugomvi, na mshale kuonyesha msaada unakwenda upande gani. Ramani hii ilibuniwa na Ann Hartman katika miaka ya 1970, nayo ndiyo zana pekee ya nadharia ya mifumo ambayo ningekusihi usiache kuitumia. Mwachie bibi kalamu, au kama haandiki, mwachie aelekeze kwa kidole. Utashangaa mstari anaoukataa: wewe umechora shule kwa mstari wa vipande, yeye anasema hapana, weka ugomvi, na hapo ndipo unaposikia kwa mara ya kwanza kwamba mjukuu alirudishwa mara mbili kwa sababu ya mchango ambao haujalipwa.

Kisha uliza swali la modeli ya majukumu, kwa adabu inayomstahili mtu mzima: "Bibi, kama jambo moja tu lingebadilika kabla mwezi huu haujaisha, ungependa liwe lipi?" Usimsaidie kujibu. Akisema anataka mama wa mtoto apige simu, usilibadilishe kuwa utoro kwa sababu barua ya mwalimu inazungumzia utoro. Yaandike yote mawili, la bibi kwanza. Umuulize mtoto pia, peke yake, mahali anapoonekana lakini hasikiki. Baada ya hapo tu ndipo uandike kwenye jalada, kwa sentensi kavu zisizo na mapambo, kitu kama hiki: Ninadhani mtoto haendi shule kwa sababu alirudishwa kwa mchango na akaona aibu kurudi. Kama ni hivyo, suala la mchango likimalizika na mwalimu akampokea bila adhabu, atahudhuria angalau siku nane kati ya kumi za shule zinazofuata. Asipofikisha siku hizo, sababu ni nyingine, na nitaanza na vijana wa bodaboda. Bibi atakwenda shuleni Jumatatu. Mimi nitaongea na mwalimu mkuu kabla ya siku hiyo. Mtoto atachagua mwenzake wa kuongozana naye. Mapitio ni tarehe fulani, nawe uitaje tarehe hiyo kamili. Maneno hayo hayazidi nusu ukurasa, lakini tayari yana nadharia, hatua, mhusika wa kila hatua na njia ya kukushika ukiwa umepotoka.

Utaona sijakuambia uchague nadharia moja ya maisha. Kila nadharia ina swali linaloifaa. Mfungamano unafaa pale penye suala la nani awe mlezi. Kujifunza kunafaa pale tabia inapojirudia na unaweza kuona kinachoitangulia na kinachoifuata. Kwa anayekunywa pombe na hajaamua kuacha, mahojiano ya kuamsha hamasa, yaliyoanzishwa na William Miller mwaka 1983, yatakuzuia kufanya kosa la kumhubiria. Mkabala wa uwezo wa mteja, uliokuzwa katika Chuo Kikuu cha Kansas na watu kama Dennis Saleebey, unastahili tahadhari kidogo. Ni mzuri sana ukiutumia kuuliza: bibi huyu amewezaje kulisha watu wawili miezi minane bila kipato? Majibu yake ndiyo akiba ya mpango wako. Unakuwa mbaya ukigeuzwa sifa tupu, ofisi ikamwambia mwenye njaa kwamba ana ustahimilivu kisha ikafunga jalada.

Hapo tunakutana na pingamizi zito kuliko yote, kwamba nadharia hizi zinageuza umaskini kuwa kasoro ya mtu. Mgogoro huo una umri sawa na kazi yenyewe. Richmond alipokuwa akichunguza kaya moja moja, Jane Addams na wenzake katika Hull House, waliyoifungua Chicago mwaka 1889, walikuwa wakipigania sheria za ajira ya watoto na usafi wa mitaa. Pingamizi hili ni la kweli, wala silipunguzi. Naongeza tu kwamba utaratibu wa kuandika na kupima ndio unaolipa meno. Kama kinachokosekana ni kitu, huduma au haki, anza na hicho na andika kwamba unatarajia tabia ibadilike bila ushauri wowote. Mtoto akirudi shule kwa kupata sare, una ushahidi wa kupeleka kwenye kikao cha kata kwamba michango ndiyo inayowatoa watoto darasani, na mashauri ishirini yaliyoandikwa hivyo yana uzito ambao hotuba haina. Afisa aliyeandika kwamba watoto ishirini wana msongo wa mawazo hana cha kupeleka.

Wengine watasema ni mambo ya kigeni. Baadhi ni kweli, na nimekwisha kuonyesha kwamba sehemu ya mizizi ya nadharia moja kubwa, ile ya mfungamano, iko Buganda. Tazama pia Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwaongoza katika utatuzi wa matatizo, hatua kwa hatua. Katika jaribio lililohusisha watu 573 kwenye zahanati 24 za Harare, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kati ya waliokaa na bibi hao, dhidi ya 49.9 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Lakini usichukue hilo kama kibali cha kunakili. Jaribio jingine liliwahusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, Kenya na Tanzania, waliopewa na washauri wasio wataalamu tiba ya kiwewe inayohusu fikra na tabia. Mwaka mmoja baada ya vikao, Kenya waliopata tiba walikuwa bado mbele ya wenzao. Tanzania makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Tiba ilikuwa ile ile, na mpaka wa nchi hauko mbali. Swali kama modeli inafaa hapa halijibiwi na asili yake, linajibiwa na tarehe ya mapitio kwenye jalada lako.

Kuhusu muda, najua mzigo ulio nao: afisa mmoja anaweza kuhudumia kata kadhaa bila usafiri. Ndiyo maana nimekuelekeza kwenye modeli fupi. Nusu ukurasa wa kuandika mwanzoni huokoa safari tatu za kwenda kuuliza mambo yasiyobadilisha uamuzi. Na kuhusu busara ya wazee na uzoefu wa miaka, busara hiyo nayo ni nadharia, mara nyingi nzuri. Iandike kama nyingine. Ukiamini kwamba mtoto anayelelewa na bibi hudeka, sema utaona nini kama ni kweli, kisha uende ukaangalie.

Siku ya mapitio ikifika, anza na jukumu lako mwenyewe. Uliongea na mwalimu mkuu? Kama hukuongea, usihukumu nadharia wala usimhukumu bibi. Weka tarehe mpya na utimize upande wako. Kama kila mtu alitimiza na mtoto amehudhuria siku tisa, andika hivyo, muulize bibi kuhusu lile jambo lake la simu ya mama, na panga kikao cha kufunga. Kama kila mtu alitimiza na mtoto amehudhuria siku tatu tu, basi dhana ya mchango na aibu imeanguka. Usiifute wala kuibandikia karatasi juu. Ipige mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, weka sahihi na tarehe pembeni, kisha chini yake andika dhana ya pili: anachopata kijiweni, nani anamlipa, hela hiyo inakwenda wapi, na unatarajia kuona nini ndani ya wiki mbili kama uko sahihi. Huenda utagundua kwamba hela hiyo ndiyo inayonunua unga. Siku ukihamishwa kituo, afisa atakayepokea jalada hilo asilazimike kumpeleka tena bibi yule shuleni kwa suala la mchango.